Cape Town: Siku moja kwa basi hadi Cape Point, na vile utahakikisha doh yako haijaenda bure

Umewaona wasee wamepiga picha pale kwa bango la Rasi ya Tumaini Jema, nywele zimepeperushwa upande mmoja na macho yamefungwa juu ya upepo? Hiyo ni trip ya siku moja tu kutoka Cape Town. Na tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka. Beba pasi na kile cheti cha chanjo ya homa ya manjano, usikiache kwa keja.

Cape Point iko kama kilomita 60 kusini mwa jiji. Ukiskia hivyo unaona ni kama kuenda Thika na kurudi. Zii. Hii barabara inafuata miamba, na basi inasimama kila mahali. Unatoka asubuhi, unarudi jioni, na in between unagawiwa dakika. Kwa hivyo kabla utume pesa, uliza maswali mawili: kiingilio cha mbuga ya Cape Point na cha pengwini kiko ndani ya bei ama utalipa ukifika? Na tunapitia Chapman's Peak? Safari zingine zinaonekana bei ya chini hadi ufike kwa geti.

Chapman's Peak ndiyo sehemu ya kufanya usahau simu iko na chaji ngapi. Ni kilomita 9 zenye kona 114, imechongwa kwa ukuta wa mlima, bahari ya Atlantiki iko chini kabisa. Ilifunguliwa 1922. Mawe huanguka kutoka juu, na mwaka wa 2000 ilifungwa baada ya dereva kuuawa na jiwe. Ilirudi Desemba 2003 ikiwa na nyavu za kushika mawe, na sasa inalipiwa. Hadi leo hali ya hewa ikichacha inafungwa, basi inapitia njia ingine, na hakuna mtu wa kulaumu. Kama mnaanzia Hout Bay mkienda kusini, kaa upande wa kulia. Mkija kinyume, kaa kushoto. Hii pekee inaweza okoa siku yako.

Pale Hout Bay utaambiwa kuna boti ya kuenda kuona sili kwa kisiwa kidogo. Mara nyingi hiyo ni pesa ya kando. Wako wengi, ni kweli, na harufu pia ni kweli. Kama tumbo lako halipatani na mawimbi, kunywa chai nchi kavu.

Sasa Cape Point yenyewe. Mwongozaji anaweza kukuambia hapa ndipo bahari mbili zinakutana na ndio mwisho wa Afrika kusini kabisa. Msikize tu, lakini rada ni hii: mwisho wa bara ni Cape Agulhas, kama kilomita 150 kusini mashariki, na huko ndiko mpaka rasmi wa Atlantiki na Bahari ya Hindi.

Stori ya ukweli ni tamu kushinda hiyo. Mnara wa taa wa zamani uliwashwa 1860, juu sana kwa mlima. Shida ni kwamba ukungu ulikuwa unaufunika, meli hazioni kitu. Aprili 1911 meli ya Wareno iitwayo Lusitania ikagonga mwamba hapo karibu. Wakajenga mnara mwingine chini zaidi, ukaanza kazi 1919. Na hii rasi ndiyo Vasco da Gama alizunguka mwishoni mwa 1497, akatua kwetu Malindi Aprili 1498. Kama ushawahi piga picha na ile nguzo yake ya Malindi, basi umeona mwisho mwingine wa hii njia.

Kupanda hadi kwa mnara kuna katreni kadogo kwa wenye wamechoka, lakini kama miguu iko fiti, tembea. Foleni inaweza kula nusu ya muda wako. Dishi ficha kabisa. Nyani wa hapa hawaombi, wanapora mchana peupe, na mfuko wa karatasi mkononi wanaujua vizuri. Usishindane naye, achilia.

Boulders, kando ya Simon's Town, ndipo pengwini wako. Jozi mbili zilianza kuzaana hapo 1982, wakaongezeka hadi wakawa kivutio. Lakini 2024 pengwini wa Afrika aliwekwa kwa orodha ya wanyama walio hatarini zaidi kutoweka, sababu kubwa ikiwa uhaba wa samaki kama dagaa wanaowategemea. Kaa kwa daraja la mbao, na usimshike hata akikusongea. Anauma.

Nguo: jaketi ya upepo, hata kama town kuna jua. Desemba hadi Februari ni joto lakini upepo wa kusini mashariki hausameheani. Juni hadi Agosti ni mvua na baridi. Kama bajeti haifiki basi ya watalii, kuna reli ya abiria hadi Simon's Town, sehemu imepita kando ya maji kabisa. Ulizia kama treni inatembea siku hiyo. Pengwini utawafikia, lakini Cape Point hapana: hakuna mat inayoingia kwa ile mbuga. Ndio maana dereva akisema mnaondoka saa nane na nusu, saa nane na dakika ishirini uwe umekaa.