Nani Aliwahesabu Ndege wa Ugogo?

Juni 1890 msafara wa mpelelezi Emin Pasha, uliotoka Bagamoyo mwishoni mwa Aprili, ulikuwa Mpwapwa. Wajerumani walimtuma kupeleka mamlaka yao hadi kwenye maziwa makuu. Yeye moyo wake ulikuwa kwa ndege. Macho yake yalikuwa yamefifia kiasi kwamba ndege aliyeuawa ilibidi amlete karibu na uso ndipo amtambue. Ngozi zilizokusanywa katika safari kama hizo zilikaushwa, zikaandikwa mahali na tarehe, zikaishia Berlin mikononi mwa mtaalamu wa ndege Anton Reichenow, ambaye mwaka 1894 alichapisha kitabu kizima kuhusu ndege wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Orodha hizo za mwanzo zilitaka kujua ni nani aliyepo. Wako wangapi? Swali hilo halikuwa na mwenyewe.

Au tuseme lilikuwa na mwenyewe, ila hakuandika. Mgogo aliyekaa juu ya dungu, kombeo mkononi, akiamia uwele wake tangu alfajiri, aliipata hesabu yake siku ya mavuno kwa kuyatazama masuke yaliyobaki. Ndege aliyemkosesha usingizi ni yule yule aliyekuja kuwakosesha usingizi maofisa wa Kilimo wa Kiingereza: kwelea kwelea.

Kwelea ni mdogo kuliko shomoro, na akiwa peke yake hana madhara. Lakini huwa hayuko peke yake. Huzaliana kwenye vichaka vya migunga kwa makoloni ya malaki, hata mamilioni, na kila mmoja aweza kumaliza gramu kumi hivi za nafaka kwa siku. Zidisha mwenyewe. Katika miaka ya 1950 mtafiti H. J. de S. Disney na wenzake walifuatilia mahali anapotagia Tanganyika na wakati anaotaga, na mwaka 1957 yeye na A. J. Marshall walichapisha matokeo ya jaribio lao: mvua na majani mabichi ndivyo vinavyomsukuma kwelea kujenga kiota. Walijifunza kusoma hata mdomo wa jike, ambao ni mwekundu siku za kawaida na hugeuka njano majira ya kutaga. Kwa maoni yangu, hakuna ndege wa nyanda hizi aliyewahi kuchunguzwa kwa makini kama huyu, na makini hiyo yote ilikuwa ya kutafuta namna ya kumwua.

Silaha zikabadilika. Baruti ilijaribiwa, kisha sumu iliyonyunyizwa kutoka angani, kazi ambayo shirika la kikanda la kudhibiti nzige wa jangwani, lililoundwa mwaka 1962, liliibeba pamoja na nzige wake. Sumu yenyewe, fenthioni, haichagui. Kipanga na bundi wanaookota kwelea anayetapatapa hufa naye, na hao hawakuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote. Kondoa, wakati huo huo, watu wamekuwa wakimnasa kwelea kwa nyavu na mitego ya kusuka, wakamla na kumuuza. Imechukua muda mrefu kwa wataalamu kukubali kwamba hiyo nayo ni njia ya udhibiti, tena inayoacha kitoweo badala ya sumu.

Hesabu ya aina nyingine ilikuja na vyama vya hiari. Wildlife Conservation Society of Tanzania ilianzishwa mwaka 1988, Neil na Liz Baker nao wakiendelea na kazi ya kukusanya kumbukumbu za atlasi ya ndege wa nchi nzima. Januari 1995 wakahesabiwa kwa mpango mmoja ndege wa maeneo makuu ya maji ya Tanzania. Mwaka 2002 akina Baker wakatoa kitabu cha maeneo muhimu kwa ndege, na humo nyanda kavu zina nafasi yake: maziwa ya chumvi ya Singida na heroe wake, mbuga ya Wembere, bwawa la Mtera lililojengwa kwa ajili ya umeme, likageuka makao ya mwari bila mtu kupanga. Sehemu ya fedha za chama hicho ilitoka kwa vyama vya wapenda ndege vya Ulaya, vikiwamo vya Denmark na Uingereza. 

Tatizo ni Januari. Ndiyo tarehe ya dunia nzima ya kuhesabu ndege wa maji, kwa sababu ndege wahamao wa kaskazini wakati huo wametulia huku kusini. Lakini bwawa la Bahi halifuati tarehe ya dunia. Mwaka wa mvua njema mto Bubu hulijaza, mabata yakatanda. Mwaka mbaya hubaki tope lililopasuka, na mvua kubwa ikija Februari mhesabuji ameshaondoka. Hesabu ya mwaka mmoja hapo haisemi kitu. Inahitajika miaka ishirini mfululizo, na hapo ndipo wafadhili wengi huchoka.

Hasara ya kutohesabu ilionekana kwenye biashara ya ndege hai. Kasuku mdogo mwenye uso mweusi na ukosi wa njano, anayetaga kwenye matundu ya mibuyu ya Dodoma, asili yake ni Tanzania peke yake. Yeye na jamaa yake, kasuku wa Fischer, walisafirishwa kwa makasha kwenda ng'ambo. Mwaka 1987 huyo wa Fischer aliongoza kwa kuuzwa miongoni mwa kasuku wa porini duniani. Vibali vilitolewa kwanza, utafiti wa kujua wamebaki wangapi ukafuata. Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake moja kwa moja mwaka 2007, Tanzania ikazuia usafirishaji wa wanyama hai mwaka 2016, na mwaka 2022 serikali ilipotangaza kulegeza zuio, kelele zilizopigwa zilitosha kusitisha uamuzi huo ndani ya siku chache.

Kwelea akivamia mashamba ya Bahi au Kondoa, ndege ya kunyunyizia hutafutwa na fedha hupatikana. Kwa kasuku wa mibuyu na mabata ya Bahi, mara nyingi hutegemewa mtu mwenye darubini yake na nauli yake.