Bwana Msa
Bwana Msa ni mpelelezi wa kubuniwa katika riwaya za Muhammed Said Abdulla (1918–1991), mwandishi wa Zanzibar. Jina lake linalingana na herufi za mwanzo za majina ya mwandishi. Alijitokeza katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, hadithi iliyoshinda shindano la uandishi la mwaka 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960. Akarudi katika *Kisima cha Giningi* (1968) na nyinginezo.

Kiko mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni vinamkumbusha msomaji Sherlock Holmes na Watson wa Arthur Conan Doyle. Hata hivyo, Msa si Holmes aliyevishwa kanzu. Mkasa wa kwanza unaanzia kwenye mzimu, mahali ambapo wengi wangemaliza uchunguzi kwa kutaja mashetani. Yeye huuliza nani alipita, lini, na kwa faida ya nani. Najum, mwepesi wa kukisia na kukosea, pengine ndiye siri ya mvuto wa riwaya hizo: bila yeye, werevu wa Msa ungechosha. Inspekta Seif naye huwakilisha polisi.