Mbio za punda zilizoanzia kazini

Asubuhi hapa Muthangari, Nairobi, hukosi kumwona punda akivuta mkokoteni wa mitungi ya maji kutokea upande wa Kawangware, kijana kashika hatamu, magari nyuma yake yakipiga honi kwa hasira. Lamu, kwenye mbio za punda, kijana huyo angepigiwa vigelegele.

Vichochoro vya mji wa kale wa Lamu haviingii gari. Lori la huko ni punda: hupakiwa saruji, mchanga na matofali gatini. Kijana akishashusha mzigo, hurukia mgongoni bila tandiko na kurudi mbio, maana anayewahi gatini ndiye anayepata mzigo wa pili. Kwa maoni yangu mbio hizo za punda zilianzia hapo, kabla hajatokea mtu wa kuchora mstari na kutangaza zawadi. Sherehe zilizikuta tayari zipo, zikazipa siku: Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, ule ulioanzishwa na Habib Swaleh, kisha Tamasha la Utamaduni la Lamu, lililoanza miaka ileile UNESCO ilipouingiza mji huo katika Urithi wa Dunia, 2001.

Alaska hadithi ilikwenda kinyume. Mwaka 1925 mbwa wa sleji walipokezana dawa ya dondakoo zaidi ya kilomita 1,000 kwenye theluji hadi mji wa Nome. Baadaye pikipiki za theluji zikawanyang'anya kazi, na mwaka 1973 Joe Redington na wenzake wakaanzisha mbio za Iditarod ili mbwa hao wasisahaulike. Vijana wa miaka 14 hadi 17 walipata mbio zao kabla muongo huo haujaisha. Kule mchezo umeokoa kumbukumbu ya kazi. Lamu kazi bado ipo, ingawa bodaboda zimeanza kubisha hodi.

Punda mwenyewe alipata mtetezi mwaka 1987, shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary lilipofungua kituo mjini Lamu cha kumtibu bure. Mwenye punda mgonjwa hana mbio wala mshahara.

Ukienda Lamu kutazama mbio hizo, usitarajie ustaarabu wa mbio za farasi za Ngong. Punda mmoja atagoma, mwingine atageuka alikotoka, wa tatu atambwaga mpandaji mbele ya umati. Na ukisikia "Simile!", yaani "Pisha njia!", nyuma yako, panda barazani kwanza, uulize baadaye.