Kutoka Waya wa Telegrafu hadi Ukuta wa Moto: Historia ya Utafutaji wa Hitilafu za Mawasiliano katika Mpaka wa Horohoro

Ikisiri

Insha hii inafuatilia historia ya utafutaji wa hitilafu za mawasiliano katika mpaka wa Tanzania na Kenya, kwa kuangazia kituo cha Horohoro kilichopo Wilaya ya Mkinga, Mkoa wa Tanga. Hoja yake kuu ni kwamba hitilafu za usanidi wa ruta, swichi na kuta za moto haziwezi kueleweka kama suala la kifundi peke yake, kwa kuwa aghalabu hujificha pale mamlaka ya upande mmoja yanapokoma na ya upande wa pili yanapoanza. Insha inaonesha kwamba hali hiyo ina mizizi katika kuunganishwa na kutenganishwa kwa huduma za posta na simu za Afrika Mashariki, na kwamba kuunganishwa upya kwa shughuli za forodha kumehamisha sehemu ya mpaka kutoka ardhini hadi ndani ya vifaa vya mtandao.

1.0 Utangulizi

Horohoro ipo mwisho wa barabara ya lami ya kilomita 65 itokayo jijini Tanga. Ng'ambo ya mpaka ipo Lunga Lunga, Kaunti ya Kwale, na barabara huendelea hadi Mombasa. Wadigo wanaishi pande zote mbili, na biashara ya watu wa pwani hii ilitangulia mpaka wenyewe kwa karne nyingi.

Maandishi mengi kuhusu mipaka ya Afrika Mashariki yamejikita katika ardhi, ukoo, magendo na ushuru. Mtandao wa kompyuta hutajwa kwa nadra, na unapotajwa huchukuliwa kama chombo kisicho na historia: ama unafanya kazi, ama haufanyi. Hata hivyo, lori lililosimama mpakani kwa sababu kadhia yake haijaonekana kwenye mfumo limezuiwa sawasawa na lori lililozuiwa na kizuizi cha mti. Tofauti ni kwamba aliyeweka kizuizi cha mti anajulikana, ilhali aliyeandika kanuni iliyozuia pakiti za data huenda asijulikane hata na wenzake wa idara moja. Kwa sababu hiyo, swali la namna hitilafu zinavyotafutwa ni swali la kihistoria pia: nani alikuwa na mamlaka ya kuangalia wapi, na tangu lini?

2.0 Mpaka na waya, 1886–1977

Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yalichora mstari kutoka mdomo wa Mto Umba, ukapita kando ya Kilimanjaro hadi Ziwa Viktoria. Mstari huo uligawa pwani ya Wadigo, lakini mawasiliano hayakufuata ramani hiyo moja kwa moja. Kebo ya baharini ya kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilikuwa imefika Zanzibar tangu 1879. Mwaka 1890 Mombasa iliunganishwa na Zanzibar kwa kebo, na mwaka huohuo pwani ya Wajerumani nayo ikaunganishwa na Zanzibar. Hivyo, kebo za makoloni mawili yaliyopakana nchi kavu zilikutana kisiwani.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika ilipowekwa chini ya Uingereza, sababu ya kutenganisha huduma hizo ilipungua. Mwaka 1933 idara za posta na telegrafu za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa idara moja. Muungano huo ulirithiwa na Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, lililoanza pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1967. Kwa zaidi ya miongo minne, mpaka wa kisiasa ulikuwepo, lakini haukuwa mpaka wa kiutawala kwa mtumishi wa simu. Hitilafu iliyotokea kati ya Mombasa na Tanga ilikuwa mali ya mwajiri mmoja, awe fundi aliyeitwa ametoka upande wa kaskazini au wa kusini.

3.0 Kutengana na kuunganishwa upya, 1977–2016

Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na mpaka huo haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Mashirika ya pamoja yaligawanywa, na kila nchi ikaunda shirika lake la posta na simu. Mgawanyo wa mali na madeni ulikamilishwa kwa mkataba wa mwaka 1984. Kilichogawanywa hakikuwa majengo na nguzo peke yake. Mamlaka ya kuufuata waya kutoka mwanzo hadi mwisho nayo yalikatwa katikati.

Kuunganishwa upya kulianza kwa Mkataba wa Jumuiya uliotiwa saini mwaka 1999. Umoja wa Forodha ulianza Januari 2005, Soko la Pamoja Julai 2010, na Himaya Moja ya Forodha mwaka 2014. Chini ya Himaya Moja, kodi hulipwa katika nchi ya mwisho kabla bidhaa hazijatoka katika bandari ya kwanza ya kuingilia. Utaratibu huo hauwezekani bila taarifa kutangulia mzigo. Kwa upande wa Tanzania, Mamlaka ya Mapato ilianza kutumia mfumo wa TANCIS mwaka 2014. Kenya ilikuwa na mfumo wake wa Simba tangu 2005, kisha ikaanzisha mfumo mwingine uitwao iCMS.

Miundombinu nayo ilibadilika. Kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zilianza kazi mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010. Tanzania ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano mwaka 2009. Hatimaye, Sheria ya Jumuiya ya Vituo vya Pamoja vya Mpakani ya mwaka 2016 iliweka msingi wa kisheria wa safari kusimama mara moja tu. Katika utaratibu huo, ukaguzi wa nchi zote mbili hufanyika upande wa nchi inayoingiwa. Afisa wa Kenya anayeshughulikia shehena itokayo Mombasa kwenda Tanga hufanya kazi yake Horohoro. Mwenzake wa Tanzania anayeshughulikia shehena iendayo Mombasa hufanya kazi yake Lunga Lunga.

Utaratibu huu umeondoa foleni moja kati ya mbili. Hata hivyo, umezaa hali ambayo haikuwahi kuwepo kabla ya 1977 wala baada yake: kompyuta ya dola moja ikiwa ndani ya ardhi ya dola nyingine, ikitii kanuni za mtandao za kwao.

4.0 Hitilafu yenye umbali na hitilafu isiyo na umbali

Fundi wa telegrafu alikuwa na faida moja kubwa: hitilafu yake ilikuwa na mahali. Kwa kuwa ukinzani wa waya huongezeka kwa kadiri ya urefu wake, fundi aliyepima ukinzani kutoka kituoni aliweza kukokotoa waya umegusa ardhi umbali gani, kisha akatuma watu. Mkongo wa kioo umerithi kanuni hiyo. Mshindo wa mwanga hutumwa ndani ya uzi, na muda wa kurudi kwake huonesha ulipokatika. Mwanga husafiri ndani ya kioo kwa takribani kilomita 200,000 kwa sekunde; kwa umbali wa kilomita 65, kwenda na kurudi huchukua chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Hitilafu ya usanidi haina umbali. Waya ni mzima, taa za kifaa zinawaka, lakini ujumbe haufiki. Ruta huchagua njia kwa kufuata jedwali. Ikiwa ruta ya Horohoro inajua njia ya kwenda lakini ruta ya mbali haijui njia ya kurudi, pakiti zitaondoka na jibu litapotea. Swichi hugawa jengo moja katika mitandao kadhaa isiyoonana. Namba ya mgawanyo ikikosewa katika mlango mmoja tu, dawati la Uhamiaji linaweza kujikuta katika mtandao wa forodha au lisiwe katika mtandao wowote. Ukuta wa moto husoma kanuni zake kutoka juu kwenda chini na kutii ya kwanza inayolingana. Kanuni sahihi iliyowekwa chini ya kanuni pana ya kuzuia haitasomwa kamwe.

Zana za kutafuta hitilafu za aina hii ni changa. Programu ya ping iliandikwa na Mike Muuss mwaka 1983. Mwaka 1984 Shirika la Kimataifa la Viwango lilichapisha kielelezo cha tabaka saba, kinachomwezesha fundi kuanza na waya, kupanda hadi anwani, kisha hadi programu, akithibitisha tabaka moja kabla ya kuliacha. Mbinu hiyo ni ileile ya kugawa njia nusu kwa nusu hadi eneo la shaka libaki dogo. Lakini inadai sharti moja: anayetafuta aweze kuangalia pande zote mbili za kila nusu. Mpakani, sharti hilo halitimii.

5.0 Mitandao miwili ndani ya ukumbi mmoja

Aina tatu za hitilafu zinaonesha ugumu huu. Hazikusudiwi kueleza tukio fulani la Horohoro, bali zinatokana na jinsi mitandao ya namna hiyo inavyojengwa.

Ya kwanza ni mgongano wa anwani. Tangu 1996, taasisi yoyote duniani inaruhusiwa kutumia ndani mwake anwani za faragha, kwa mfano zinazoanza na 10, bila kumwomba mtu ruhusa. Taasisi mbili zilizokua mbalimbali zinaweza kuchagua anwani zilezile, na hakuna kosa hadi siku ya kuunganishwa. Siku hiyo, ruta inayopelekewa pakiti ya jirani huamini kwamba ni ya nyumbani. Kila fundi akiangalia usanidi wake ataukuta sahihi, na atakuwa anasema kweli. Kosa limo katika uhusiano wa sanidi mbili.

Ya pili ni kupotea kwa pakiti kubwa. Mitandao ya ofisi kwa kawaida hubeba baiti 1500 katika pakiti moja. Taarifa zinapopitishwa kwa usimbaji kati ya taasisi na taasisi, vichwa vya ziada huongezwa na nafasi hupungua. Ruta iliyokutana na pakiti iliyozidi kipimo hutuma onyo kwa mtumaji ili apunguze. Ikiwa ukuta wa moto umeamriwa kuzuia maonyo hayo kwa jina la usalama, mtumaji hatajua, naye atarudia kutuma pakiti ileile. Tatizo hili lilielezwa rasmi na wahandisi wa intaneti mwaka 2000. Dalili yake hupotosha: ping inajibu, wakala wa forodha anaingia kwenye mfumo kwa nywila yake, lakini akiambatisha ankara na hati ya usafirishaji, skrini inaganda. Mafundi wa pande zote watasema mtandao upo. Dereva atasema haupo. Wote wana ushahidi.

Ya tatu ni saa. Kumbukumbu za vifaa viwili haziwezi kulinganishwa ikiwa saa zake hazikubaliani, na Tanzania na Kenya, ingawa zina saa moja kisheria, hazilazimishi kila kifaa kuifuata. Ipo tofauti nyingine ya kienyeji. Karani husema mfumo ulikwama saa nane. Kifaa kimeandika 14. Fundi aliye mbali, akipokea taarifa hiyo kwa simu na kuiandika kama 8, atapekua kumbukumbu za asubuhi, asione kitu, na kufunga shauri.

Katika mifano yote mitatu, gharama haigawanywi sawa. Kampuni yenye malori mengi huweza kusubiri. Mfanyabiashara mdogo, ambaye kwa mzigo usiozidi dola 2,000 amepewa na Jumuiya utaratibu wa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, hana ghala wala jokofu la kuhifadhia nyanya zake.

6.0 Matukio ya 2021 na 2024

Matukio mawili yanasaidia kupima hoja hii. Tarehe 4 Oktoba 2021, huduma za Facebook zilipotea duniani kwa takribani saa sita baada ya amri iliyotolewa wakati wa matengenezo kukata uti wa mgongo wa mtandao wa kampuni hiyo. Hakuna kebo iliyokatika. Ukarabati ulichelewa kwa sababu zana za wahandisi zilitegemea mtandao uleule ulioanguka. Funzo kwa kituo cha mpakani ni kwamba njia ya kuifikia ruta wakati wa hitilafu isipite ndani ya ruta hiyohiyo.

Tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kusini, katika bahari ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Kenya nayo iliathirika, lakini ilikuwa na njia nyingine, ikiwemo TEAMS iendayo Fujairah kutokea Mombasa. Hitilafu hiyo ilikuwa ya waya. Hata hivyo, nani anabaki hewani wakati kama huo huamuliwa na usanidi ulioandikwa kabla: njia mbadala isiyokuwemo katika jedwali la ruta haisaidii, hata kama mkongo wake unapita kilomita chache kutoka mlangoni.

7.0 Hitimisho

Inaweza kudaiwa kwamba suluhisho ni kuunganisha mitandao ya nchi mbili na kumpa fundi mmoja funguo zote, kama ilivyokuwa kabla ya 1977. Dai hilo halizingatii wakati uliopo. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinaipa kila dola wajibu juu ya taarifa zilizo mikononi mwake, na ukuta wa moto ni sehemu ya utekelezaji wa wajibu huo. Ukuta hauwezi kubomolewa kwa sababu tu unasumbua.

Kinachoweza kurejeshwa kutoka enzi ya shirika moja ni utaratibu wa kuwajibika kwa njia nzima. Daftari la pamoja la anwani, chanzo kimoja cha saa, taarifa ya mabadiliko kabla hayajafanywa, na jaribio la pakiti kubwa na ndogo linalofanywa na mafundi wawili kwa wakati mmoja, havihitaji dola yoyote kukabidhi siri zake. Vinahitaji kukubali kwamba usanidi sahihi upande huu na usanidi sahihi upande ule vinaweza, vikikutana, kuwa hitilafu. Mpaka wa 1886 ulichorwa na watu ambao hawakuwauliza wakazi wake. Sehemu yake iliyomo ndani ya vifaa huandikwa upya kila fundi anapobadili kanuni, na hivyo ingali inaweza kuandikwa kwa mashauriano.