Miguu Haidanganyi

Mwaka nilioacha chuo, kitu cha kwanza kuisha mfukoni kilikuwa nauli. Nikaanza kupiga miguu kutoka Mathare hadi tao. Kuna mahali kwenye barabara kuu ambapo kila mtu alivukia. Daraja la wapita njia lilikuwepo, ila mbali. Hapo pa kuvukia nyasi zilikuwa zimeisha, na vyuma vya kando vimepindwa. Mathee wa mayai boilo alikuwa ameweka meza yake palepale. Hakusomea mipango miji, lakini alijua miguu itatokea wapi.

Jioni moja jirani yetu akagongwa hapo. Matangani watu walinong'ona: si kuna daraja? Makosa ni yake.

Hiyo lawama ni ya zamani. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanaume Mwafrika alitembea na karatasi yenye alama za vidole vyake, mara nyingi ndani ya kikebe kilichoning'inia shingoni. Mwaka 1948 Nairobi ikachorewa ramani kuu kama mji mkuu wa koloni. Mji haukumuuliza anayetembea anaelekea wapi. Ulimuuliza nani amemruhusu.

Swali lingine liliulizwa London. Kuanzia miaka ya 1970, Bill Hillier na wenzake wa University College London walichunguza jinsi kila mtaa unavyoungana na mingine yote. Wakaona kwamba muunganiko huo peke yake unaweza kukuonyesha mapema watu wengi watapita wapi. Mwaka 1984 yeye na Julienne Hanson wakachapisha kitabu, The Social Logic of Space.

Kisha ikaja kazi ya Trafalgar Square. Timu ilisimama, ikahesabu watu, ikafuata nyayo zao. Wenyeji walikuwa wanazunguka pembeni, katikati hawapiti. Kompyuta ikajaribu michoro mbalimbali, na jibu likawa ngazi pana katikati, upande wa kaskazini. Uwanja ulifunguliwa upya mwaka 2003, na watu wakapita katikati bila kuwekewa ua wala kutozwa faini.

Kwetu, baada ya mazishi, waliweka waya. Wiki haikuisha, ukakatwa. Mathee hakuwa amehamisha meza. Hakuna aliyekuja kumuuliza anauza mayai mangapi, na saa ngapi.