Kirundi Kimoja, Redio Mbili



Sisi tuliotoka Kongo tumezoea redio ya lugha nyingi. Radio Okapi ilipoanza mwaka 2002 ilitangaza kwa Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Chiluba na Kikongo. Ndiyo maana wengi wetu husema: tungekuwa na lugha moja, tusingegombana.

Basi tazama nchi hii iliyotupokea. Kuanzia Nyamugari mpaka Bujumbura, Mhutu, Mtutsi na Mtwa wanasema Kirundi kilekile. Hata hivyo, Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, watu waliuana. Mwaka 1994 ikasikika Radio Rutomorangingo kutoka upande wa Zaire, ikieneza chuki kwa Kirundi. Hakuna aliyehitaji mkalimani.

Mwaka 1995 shirika la Search for Common Ground likaanzisha Studio Ijambo mjini Bujumbura. Kirundi ni hichohicho, ila mwandishi Mhutu na mwandishi Mtutsi walitumwa pamoja kwenye habari moja. Mtaa ambao mmoja aliogopa kuuingia, mwenzake aliweza. Wakirudi, habari ni moja. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote: msikilizaji alikosa sababu ya kusema “hiyo ni redio ya wale.”

Kiswahili nacho kina mambo yake. Redio ya taifa inakitumia pamoja na Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Lakini hapa mtu akiitwa “Umuswahili,” mara nyingi wanamaanisha Mwislamu, labda wa Buyenzi, na wakati mwingine ni kejeli. Wakatoliki wana Radio Maria, Wapentekoste wana Radio Ivyizigiro. Kwa Mwislamu, ambaye wenzake ni wachache, kusikia habari za nchi kwa Kiswahili kwenye redio ya taifa si jambo dogo.

Na sisi kambini? Tangazo la mgao wa chakula tunalisoma kwa Kiswahili, halafu bibi Mfuliiru anamwuliza mjukuu wake limesema nini. Tukisoma Kifuliiru asubuhi na Kinyamulenge jioni, kila upande utashuku kwamba wenzao wameambiwa zaidi.

Kwa hiyo tunatafuta watu wawili, Mfuliiru na Munyamulenge, waje Jumamosi. Wataandika tangazo moja kwenye karatasi moja, kisha watalisoma wakifuatana, kila mmoja kwa lugha yake. Anayejua kusoma na kuandika anatosha. Kalamu tunazo.