Mshahara: Malipo ya Mwezi na Pesa ya Mboga



Kila mwisho wa mwezi mjini kwetu watu wanaulizana: mshahara umetoka? Leo tuulize neno lenyewe limetoka wapi.

Ni neno la Kiarabu. Shahr ni mwezi, na mushahara ni malipo ya mwezi kwa mwezi. Watu wa pwani walilichukua, na Kiswahili chao kikafika huku pamoja na misafara ya pembe za ndovu. Kwa hiyo mshahara ni kipimo: kazi ya mwezi, na kiasi kilichopatanwa.

Historia ya Kisangani ina mfano. Februari 1887, kule Zanzibar, Tippu Tip alipatana na Stanley, aliyesema kwa niaba ya Mfalme Leopold II, awe gavana wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Mshahara wake ulikuwa pauni 30 kwa mwezi. Aliahidi kupinga biashara ya watumwa, lakini aliachiwa biashara yake mwenyewe. Tajiri wa pembe za ndovu hakuishi kwa pauni 30. Cheo kilikuwa na mshahara wake, faida ikatoka kwingine.

Sasa tufungue Luka 3:14. Askari walimwuliza Yohana la kufanya. Hakuwaambia waache kazi. Aliwakataza kunyang'anya watu, akawaambia waridhike na mshahara. Neno la Kigiriki hapo ni opsonion, yaani pesa ya kununulia kile kinacholiwa pamoja na mkate, kama samaki na lituma kwetu. Ni pesa ya mboga!

Tuna neno lingine: matabisi. Limetoka katika Kireno, na maana yake ni kuua mdudu: kinywaji kidogo cha asubuhi cha kutuliza tumbo. Lakini mdudu wa tamaa hafi kwa kulishwa. Anakua.

Ninajua, ndugu askari, ninajua, mama mwalimu: mshahara unachelewa, na ukifika haumalizi mwezi. Yakobo 5:4 inasema kilio cha mfanyakazi aliyezuiliwa malipo kinafika masikioni mwa Bwana. Anayezuia atajibu mbele zake. Lakini mjane aliyekuja kutafuta karatasi ofisini hakuzuia mshahara wako. Kwa nini yeye ndiye akulipe?

Katika Warumi 6:23 Paulo anatumia neno lile lile, opsonion. Dhambi nayo ina mshahara, nao ni mauti. Mwajiri huyo hasahau mtu hata mmoja. Uzima wa milele hauko katika hesabu hiyo, kwa sababu Mungu anautoa bure ndani ya Kristo Yesu.

Wewe unayeketi nyuma ya meza ya Leta, juma hili mtu mmoja atakuja mbele yako na franga zilizokunjwa mkononi. Mhudumie, na umwache arudi nazo nyumbani anunue mboga ya watoto wake.